Barabara Anayoisoma Kila Asubuhi

Tangu tarehe 4 Mei 2011, mtangazaji huyu husoma redioni hali ya barabara ya zamani ya pwani, lakini hajawahi kuipita hata mara moja. Juzi yeye na mumewe walitandaza ramani kitandani kupanga safari ya siku mbili. Mume alitaka barabara mpya inayopita bara.

"Ile yako imejaa mashimo, mke wangu."

"Nani kakwambia?"

"Si wewe! Leo asubuhi, redioni."

Akacheka mpaka machozi, ila kidole hakikubanduka kwenye daraja linalofurika kila mvua zikizidi. Alitaka kujua maji yake yana rangi gani.

"Basi utaendesha mwenyewe," mume akasalimu amri.

Jumamosi watapita ya zamani, mke akiwa ameshika usukani.