Nilimsainisha Mama Akot karatasi ya kukatiwa maji, na risiti yake nilikuwa nimeiona

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu wiki hii. Leo nauacha uende. Sitatia chumvi, na penye aibu yangu nitaiacha ilivyo.

Mimi ni Mganda, naishi Kampala. Kabla hamjaniuliza Kiswahili nimekitoa wapi, nimezaliwa kambi ya polisi Naguru. Baba alikuwa konstebo kutoka kaskazini, jirani wa kushoto katoka Arua, wa kulia Teso, na lugha ya kuombana kiberiti ilikuwa Kiswahili.

Miaka michache iliyopita nilikaa bila kazi mpaka nikaanza kumkwepa mama yangu mwenyewe. Rafiki akaniunganisha na kampuni moja ndogo iliyokuwa na tenda ya kuwakatia maji wanaochelewa kulipa. Jina naliacha.

Mshahara haukuwepo. Asubuhi unapewa karatasi, kila karatasi nyumba moja. Unafunga maji, mteja anasaini, jioni unalipwa kwa karatasi zilizosainiwa.

Shida ni kwamba karatasi zilichapwa siku kadhaa nyuma. Unafika, mtu anakutolea risiti, kalipa jana. Hapo umetembea bure na nauli ni yako.

Wazoefu wakanifundisha. Usiguse mita. Mwombe tu asaini kwamba umefika. Ukiirudisha ofisini, kwenye system inasomeka alikatiwa na akarudishiwa siku hiyo hiyo. Wewe unalipwa. Yeye anaingiziwa ada ya kurudishiwa maji ambayo hayakukatika hata dakika moja, na juu yake ada nyingine inaitwa ya utawala. Hiyo ya utawala niliwahi kuuliza ni ya nini, supavaiza akacheka tu.

Nilifanya hivyo kwa watu wengi. Matusi najua yanakuja, nivumilieni nifike mwisho.

Siku moja nikapangiwa mtaa wa Kasubi.

Nyumba ya vyumba viwili, uani kuna kamba ndefu na mashuka tupu yameanikwa, hakuna nguo nyingine. Akatoka mama mmoja mrefu, mikono yake ina povu mpaka kwenye viwiko. Huyo ndiye Mama Akot. Mume wake alikuwa polisi mstaafu, kapigwa na kiharusi, yuko ndani kitandani hageuki mpaka ageuzwe. Yule mama alikuwa anafua kila siku iendayo kwa Mungu.

Nilipojieleza, aliingia ndani akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani kuna karatasi za mzee za kustaafu, na juu yake risiti ya maji. Kalipa siku mbili nyuma.

Nilianza na Kiluganda, lakini lafudhi ikanisaliti. Akaniangalia.

"Wewe ni mutoto ya wapi?"

"Naguru, mama. Kambini."

Basi uso wake wote ukabadilika. Akanivutia kiti, akaniletea chai na simsim, yaani ufuta wa kukaanga, akamwambia mzee kupitia dirishani kwamba kuna mtoto wa kambi. Mzee akajibu kitu ambacho sikukielewa, ulimi wake ulikuwa mzito. Yeye akanitafsiria kwamba mzee anauliza baba yangu alikuwa namba ngapi. Wakuu, hilo ni swali la watu wa kambini tu, namba ya polisi. Nikaitaja. Ndani nikasikia kicheko.

Nilipomaliza chai, nikatoa karatasi.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ya kuonyesha nimefika, mama."

"Na lisiti umeona?"

"Nimeiona."

"Basi wewe ndiye unajua," akasema, akasaini. Hakuisoma. Alisaini polepole, jina lote kwa ukamilifu, kama mtu anayesaini kitu cha heshima.

Jioni nikalipwa. Ile hela sikumbuki hata niliifanyia nini.

Baada ya muda mfupi nikaacha ile kazi, nikapata ya kuendesha gari la mfanyabiashara wa samaki Ggaba. Nikabadilisha na namba ya simu. Kasubi ikanitoka kichwani kabisa.

Karibu mwaka ukapita. Jumamosi moja mama yangu akaniambia nimsindikize msibani, watu wa zamani wa kambini wamefiwa na mzee wao mmoja. Njia nzima sikushtuka. Nilishtuka tulipofika getini: ni kwa Mama Akot.

Mita haikuwepo. Palikuwa na kipande cha bomba kimezibwa kwa kizibo cha chuma. Wanawake walikuwa wanapita na madumu kutoka kwa majirani ili wapike.

Nilikaa na wanaume nikawa nasikiliza. Mmoja wao, mpangaji wa nyumba ya pili, ndiye aliyesimulia. Kuna ada iliingia kwenye akaunti, yule mama akabisha kwamba hajawahi kukatiwa. Ofisini hawakutaka kusikia. Kila alipolipa bili, pesa ilimezwa kwanza na ada, bili ikabaki na pengo. Kwa pengo hilo wakaja kumkatia kweli. Akauza cherehani, akafuta deni, akaambiwa bado ada ya kurudishiwa. Akiwa anaitafuta, wakang'oa mita.

Tangu hapo maji akawa ananunua kwa dumu. Mashuka ya kila siku yakawa ya kila baada ya siku nne, tano. Mzee akapata vidonda mgongoni.

Sisemi maji ndiyo yaliyomuua. Kiharusi kilikuwa cha muda mrefu. Lakini vidonda vile havikuwepo nilipokunywa chai pale, na alikufa navyo.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari lililokuwa linangoja kupeleka mwili kaskazini. Nililia, wakuu. Watu walidhani namlilia mzee wa kambi.

Nikaamua nisimwendee Mama Akot mikono mitupu. Siku alizokuwa kijijini kuzika nilienda ofisi ya maji, nikaandika maelezo kwa mkono wangu: kwamba ile karatasi ya kwanza ya kukatiwa ni ya uongo na mimi ndiye niliyeipeleka. Nilitegemea watanikamata. Dada wa kaunta aliisoma, akaniambia kuna ada ya kupitia upya akaunti, inalipwa na mteja. Nikailipa mimi. Zilipita wiki tatu ndipo nikapewa barua kwamba deni limefutwa na mita itarudi.

Mama Akot alikuwa amerudi. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kile kiti alichonivutia. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, nikampa barua. Aliishika bila kuifungua.

"Mimi nakujua," akasema. "Kwa msiba nilikuona, nyuma ya mama yako."

Akaendelea.

"Ofisi walisema lete mtu mwenye alikata. Mimi nikasema apana, yule hakukata, yule ni mutoto yetu, aliona lisiti. Akikuja atawaambia. Kwa hiyo tukangoja. Mzee alikuwa anauliza mimi kila siku, amekuja? Namwambia bado, lakini atakuja."

Hakunifukuza, wala hakunisamehe. Aliinuka akaingia ndani.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mimi nilidhani naiibia system kidogo ili nile. Kumbe ada ndogo kwenye karatasi, kwa mtu anayeishi kwa kuhesabu madumu, ni cherehani, ni mgongo wa mume wake. Na mkikatiwa, msisaini kitu msichokisoma, hata kama anayewapa anaongea lugha ya nyumbani kwenu. Hasa huyo.

Karibuni mchangie, matusi pia nayapokea. Mliowahi kusainishwa karatasi kama ile, andikeni mlifanyaje. Na ninyi mliowasainisha, ambao mnajua kabisa ni nyumba gani, kuna mtu bado anawangoja.