Ile Nyasi ya Juu

Ilianza Ijumaa, saa kumi na nusu jioni, mvua ikiwa ndiyo imekatika. Nilikuwa nawapelekea chai baba na mwenye trekta, wamekaa nje wakiangalia kule juu kwenye nyasi ya ng'ombe.

"Kesho saa moja uje uilime yote, nipande mahindi," baba akasema. "Huku chini mahindi yamenishinda."

"Na mbolea?"

"Nitaongeza."

Ndivyo tunavyofanya tangu nikiwa mdogo. Mahindi yakipungua, tunaongeza mbolea ya kupandia, ile ile, halafu shamba linapigwa plau tena.

Mwenye trekta akanitazama. "Mzee, huyu msichana wako huongea, ama ni wa kuangaliwa tu?"

"Huongea na ng'ombe."

Wakacheka. Nikaweka vikombe nikaenda zangu, uso ukiniwaka.

Mwalimu wa kilimo alikuwa ametuambia tutumbukize udongo kwenye maji, tuone. Nikafanya hivyo nyuma ya jiko. Bonge la kutoka kwenye mahindi lilimomonyoka papo hapo, maji yakawa tope. Lile la kwenye nyasi lilikaa tu, limeshikwa na vijizizi kama nywele, na maji yakabaki safi hadi nikaona kitako cha sufuria. Nikaogopa: nyasi ndiyo iliyoshika udongo, na kesho inalimwa.

Nikapanda hadi kwenye mtaro uliochimbwa na maji ya mvua shambani. Mwaka jana ulikuwa kijia cha kuku katikati ya mahindi. Sasa nikisimama ndani unanifika magotini. Umepanda mlima polepole hadi ukafika kwenye nyasi, ukakwama hapo. Upande wa chini unaelekea moja kwa moja jikoni kwetu. Nyasi ikilimwa, maji ya mlima wote yatashukia humo. Nikiwa bado nawaza hayo, bonge la ukingo wake likajiangukia lenyewe nyuma yangu, pu, na hapakuwa na mtu.

Usiku sikumwambia mtu. Naandika ukweli: niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa maji.

Asubuhi trekta ikapiga honi getini. Kufungua ni kazi yangu. Nikashika komeo, sikulivuta.

"Fungua!" baba akaita akitoka na viatu mkononi.

"Baba, usilime kule juu. Mtaro utaingia kwa nyumba."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Honi ikalia tena, ndefu. Nikaegemea geti kwa mgongo, sikufungua. Nikamwambia baba avae viatu kwanza, twende akauone mtaro.