Mbawakawa wa Birika la Fedha

Swali moja lilininyima usingizi: nikitii amri ninayojua itaharibu kitu, kosa ni la nani?

Nilikuwa na digrii, na kazi yangu ilikuwa kung'arisha vyombo kwa kitambaa katika duka la vitu vya kale, Jidda, Saudia. Birika moja la fedha la Kijapani lilikuwa na mbawakawa weusi waliopachikwa ubavuni. Weusi ule haukuwa uchafu. Fundi aliyelitengeneza alichanganya shaba na dhahabu kidogo, kisha akaichemsha katika dawa mpaka ikawa nyeusi. Nilipomweleza bosi kwamba weusi huo ndio thamani ya birika na ukisuguliwa haurudi, alicheka mbele ya wateja, kama kawaida yake.

"Profesa wa vitambaa! Yalla, haraka, sugua. Mnunuzi anakuja kesho, nataka ling'ae lote."

Nilimwonea huruma yule fundi. Yeye hakunikosea, na huenda alifariki zamani. Lakini bosi alikuwa ameniita profesa wa vitambaa kwa miezi saba.

Asubuhi nilisugua mbawakawa mmoja mmoja, taratibu, mpaka wote wakawa wekundu kama sufuria ya shaba. Mnunuzi alipoketi, nikalileta birika kwa mikono miwili.

"Halas, bosi, tayari. Nimefanya kama ulivyoniagiza."