Jitu la Dirisha Namba Tatu

Kila Jumamosi mchana, barazani kwa fundi cherehani wa Ngokolo, karani wa viwanja huongoza mchezo wa dadu ambamo kila mchezaji hujifanya shujaa, naye karani mwenyewe hujifanya viumbe wengine wote. Hufuta meza kwa leso, hupanga kalamu zake mbili, kisha husoma sheria kwa sauti ya upole kama ya katekista: hakuna kumkatisha mwenzako, na anayenyoosha mkono lazima asikilizwe. Apolonia, mmoja wa wachezaji, hubaki ameduwaa. Wiki ya sita sasa anafuatilia hati ya kiwanja ofisini kwa karani huyo, dirisha namba tatu, na hata siku moja hajainua uso kumtazama.

Jumamosi hii karani alikuwa jitu linalolinda lango la mfalme. Alitanua mabega, akanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Apolonia alitakiwa achomoe upanga, lakini malezi yakamzidi nguvu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," likajibu jitu, macho kwenye karatasi. "Mhusika hayupo. Njoo Jumatatu."

Baraza zima likaangua kicheko. Karani akauliza wanacheka nini.

Apolonia akanyoosha mkono.