Walipokwenda Hatta Kuitazama Mvua

Dubai mvua ikinyesha watu hawaikimbii, wanaifuata. Wingu likitanda upande wa milimani, wenye nyumba hupakia zulia, thamosi za chai na watoto, wakaendesha gari mpaka Hatta kukaa kando ya wadi, yaani mto mkavu, wangoje maji yapite. Wenyewe huona ni raha kubwa.

Machi ya mwaka wangu wa tatu wa kazi kule, vumbi lilivuma siku mbili, na ya tatu anga likawa jeusi. Madam, mwajiri wangu, akasema yalla, haya, tunaenda. Garini ilibaki nafasi moja, ya mtu wa kumshika mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka minne, na nilimlea mimi tangu hajajua kutembea. Nilikwisha kuvaa viatu. Madam akamwita mwenzangu, Mganda aliyekuwa na miezi minne tu pale nyumbani.

"Yeye hajaona milima," akaniambia. "Wewe unajua kuziba milango."

Kujua nilijua. Majumba yale hayakujengwa kwa mvua. Maji huingia chini ya milango na kwenye matundu ya eisii, mashine za kupoza hewa, na aliyejua pa kuweka taulo ni mimi. Ujuzi wangu ndio ulioniponza.

Wivu ulinishika. Haukuanza siku hiyo. Ulianza pale mtoto alipokataa nimsuke nywele, akataka asukwe na Mganda, eti yeye hamvuti. Miaka mitatu namsuka, kumbe namvuta.

Alipokuwa akibeba zulia, Mganda aliniuliza polepole, "Dada, huko hakuna hatari?"

Mimi nimezaliwa chini ya ukingo wa bonde la Kerio. Masika ikipiga juu mlimani, huku bondeni tunaweza kuwa tumeanika mahindi juani, na maji yakatukuta hapo hapo, yamebeba mawe na miti. Nilijua kabisa jibu la swali lake.

"Hatari gani?" nikamwambia. "Nendeni mkale raha."

Saa sita hivi mvua ya mawe ilianza kupiga madirisha. Nikakimbia na taulo huku na huku. Nilipopata nafasi nikampigia simu madam, hapatikani. Mganda, hapatikani. Nikarudia mpaka simu ikawa moto mkononi. Nilimwombea mtoto. Mwenzangu nilimwombea baadaye, tena kwa maneno machache.

Walirudi magharibi, gari matope mpaka madirishani. Mtoto alikuwa amelala begani kwa Mganda, ameshika kola yake. Nikanyoosha mikono nimchukue, naye usingizini akaikaza ile kola. Madam alikuwa akilia na kusimulia kwa pamoja. Huko Hatta jua lilikuwa limetoka, wametandika zulia chini kabisa kwenye mchanga, mara Mganda akainuka na mtoto mkononi, akapanda mawe mbio. Sir, mumewe, alimcheka. Wakapanda kumfuata ili wamrudishe, na walipogeuka, pale walipokuwa wamekaa palikuwa maji matupu.

"Huyu ni dada yangu tangu leo," madam akasema, akamkumbatia na matope yake. Mimi kwa miaka mitatu hakuwahi kuniita dada. Badala ya kushukuru kwamba wote wamerudi, nilisimama pale nimevimba.

Mganda alipokwisha kumlaza mtoto kwenye kochi, nilimfuata jikoni. Alikuwa akisugua matope miguuni. Nikamuuliza kwa ukali alijuaje.

"Sikujua kitu," akasema. "Ni mtoto. Alisikia mlima unanguruma, akaanza kunivuta. Akasema tupande juu, tusingoje viatu. Akasema wewe ndiye unamwambia hivyo kila siku ukimpa hadithi za kwenu."

Akafunga bomba, akaniangalia.

"Mimi nilikuuliza, dada."

Sebuleni mtoto aliamka, akaanza kulia akimwita yeye, si mimi. Akaenda pekupeku, miguu bado inachuruzika maji, nami nikabaki nikimsikia akimbembeleza. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, bado nilimwonea wivu.