Mgonjwa Aliyeangukia Barazani

Kwa nini mtukutiko uanzie kidole gumba cha kushoto kila mara? Daktari Mkuu aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza katika hospitali moja ya Meru, nikiwa nimetoka chuo kikuu Kampala na mdomo mwingi. Nilizoea kuuliza, si kuulizwa.

Mgonjwa alikuwa Mugambi, kijana wa Kanyakine. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Kwenye baraza la mchujo, watu walipohojiwa kama wamekula kiapo cha Mau Mau, alianguka jina lake lilipoitwa. Majirani walirudi nyuma, wakiamini kiapo kimempiga kwa kukivunja. Mahomgadi, walinzi wa kijiji upande wa serikali, waliamini vivyo hivyo: kama kimempiga, basi alikula. Wakamleta tumfunge jeraha alilopata akianguka, lori la kizuizini likingoja nje.

Nilimweleza Bwana Dii-Oo, mkuu wa tarafa, kwamba hiki ni kifafa, na kinachoanzia kidole kimoja kina chanzo upande wa pili wa ubongo. Homgadi mmoja akacheka, akasema daktari huyu amelishwa kiapo cha vitabu.

"Chanzo gani?" akauliza Dii-Oo.

"Sijui, bwana."

"Basi nionyeshe kilikuwepo kabla ya kiapo."

Aliyejua ni mama yake Mugambi, aliyemfuata hospitalini. Nilipomuuliza kwa Kimeru, alitazama sakafu, akajibu kwao hakuna kifafa. Binti yake Kagendo alikuwa amechumbiwa, na kwa kuwa watu waliamini kifafa hurithiwa, binti wa nyumba yenye kifafa hakuolewa.

Metroni, mkuu wa wauguzi, alimwinamia. "Mama, kambini hakuna dawa. Utaozesha huyu, umzike yule?"

Nje lori likawashwa. Mama akasimama.

"Alianza akichunga mbuzi, kabla hajatahiriwa, kabla ya kiapo chochote," akasema. "Tulimficha."

Lori liliondoka bila Mugambi. Tulimpa fenobabitoni, vidonge vya kuzuia mtukutiko. Watu wa mchumba wa Kagendo walikuja kudai mbuzi wao wa mahari, na hakuna mwingine aliyebisha hodi kumposa.

Nilihamishiwa Ishiara, kisha Embu, chini ya madaktari wakuu wengi. Ninyi mnaosomea udaktari leo mnaona ndani ya fuvu. Sisi tulikisia kwa kutazama mkono. Nilikuwa nimestaafu wakati Kagendo, mvi kichwani, aliniletea picha ya ubongo wa kaka yake, iliyopigwa Nairobi. Upande wa kulia mishipa ya damu ilikuwa imesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Mugambi alizaliwa hivyo, yeye peke yake. Haukuwa ugonjwa wa kurithi.