Miaka Yangu ya Kutunza Magazeti ya Roketi

Nilianza kazi Ijumaa moja saa nne na robo asubuhi, nyuma ya ukumbi wa ibada kule Mesaimeer, hapa Doha, ambako Wakristo husali siku ya Ijumaa. Nilikuwa kidato cha kwanza, na nilikuwa sijawahi kumsalimia mtu mzima kabla yeye hajanisalimia. Anti Nafula, muuguzi anayeishi ghorofa ya juu yetu, aliweka sanduku la plastiki miguuni pangu.

"Wewe husemi sana," akasema. "Watu wasiosema hawapotezi vitu. Kaa hapa."

Huo ndio uliokuwa usaili. Tangu siku hiyo yeye akawa Mkuu wa Sanduku, nami nikawa Mtunzaji. Naandika haya kwa ajili ya Achieng', anayenirithi, na kwa yeyote atakayetaka kujua kazi hii ilifanywaje wakati wetu.

Sandukuni mlikuwa na magazeti ya hadithi za kisayansi, ya zamani kuliko mama yangu, ambayo Anti Nafula aliyapata kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama Doha. Yalichapwa kwenye karatasi duni ya rojo la mbao, ile inayogeuka kahawia na kupukutika kama biskuti. Kwa hiyo gazeti halifunguliwi likalala wazi. Hufunguliwa nusu, kama unachungulia chumba cha watu. Pini za mgongoni zimeshika kutu, na ukivuta kwa nguvu ukurasa unabaki nao mkononi.

Kisha kuna kujalidi. Majalada yalikuwa na wanawake waliovaa nguo za kuogea za bati, wakipiga mayowe mbele ya pweza mwenye jicho moja, na kina mama wa ushirika walikuwa wanapita hapo hapo na chai. Mkuu akaagiza tuyafunike kwa karatasi ya kaki, vile vitabu vya shule hufunikwa nyumbani Kenya, kona zikikunjwa ndani bila gundi. Nilikuwa hodari wa kukunja. Yakipangwa, ungeapa ni Hisabati.

Wasomaji wetu walikuwa walinzi na madereva wanaoletwa na basi la kampuni kutoka Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi. Kaka Wafula, mlinzi wa duka kubwa, ndiye aliyewasomea wenzake kwa sauti, akitafsiri papo hapo.

"Hawa wamesaini mkataba wa miaka miwili kwenda sayari ya Zuhura," alisema siku moja. "Wanalala wanane chumba kimoja, msimamizi haonekani, na mchana ukitoka nje unaiva. Huyu mwandishi lazima alikaa hapa."

"Tiketi ya kurudi ni ya nani?" mwenzake akauliza.

"Sasa hapo ndipo hadithi ilipo. Nyamaza."

Niseme ukweli kuhusu magazeti yenyewe. Sayansi yake ni mbovu. Mtu anashuka Mirihi na koti tu, anavuta hewa kama yuko Limuru. Msichana ana shahada mbili lakini kazi yake ni kuzimia. Na bado nayapenda, kwa sababu yaliandikwa haraka kwa ajili ya watu waliochoka, na kila ukurasa unaogopa msomaji asije akaondoka. Zaidi ya yote napenda kurasa za barua, ambako wasomaji wanagombana kuhusu roketi kwa adabu kali. Nadhani wengi wao walikuwa waoga kama mimi.

Hadithi za mfululizo ndizo zilizotutesa. Hukatwa pale shujaa anapodondoka, ungoje toleo lijalo, na matoleo yetu yalikuwa na mapengo. Kaka Wafula alikwama karibu mwaka mzima kwenye hadithi ya chombo kilichopotea angani. Mkataba wake ukaisha, safari ya kurudi kwao ikawa Jumamosi, na wiki hiyo hiyo Anti Nafula akaipata sehemu ya mwisho. Niliijalidi nikaipanga rafuni nyumbani pamoja na zile nyingine nilizozitoa sandukuni zipate hewa, kando ya vitabu vyangu vya shule.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni, rafu tupu.

"Nimekusaidia," Mama akasema kutoka jikoni. Alijua namtunzia Anti Nafula vitabu. Sikuwahi kumwambia vya namna gani. "Vitabu vyako vyote vya zamani vinaenda kwa Shosho. Atagawia watoto wake wa shule ya Jumapili."

"Viko wapi?"

"Mtu wa kago yuko chini anapakia."

Shosho ni nyanya yangu, mwalimu wa shule ya Jumapili huko Kenya. Sikungoja lifti. Mtaa wetu wa Fereej Bin Mahmoud ulikuwa na joto la kuchoma soli. Mzee Ssali, Mganda anayekusanya mizigo, alikuwa anafunga kamba ya mwisho garini. Mama alinifuata na ndala zake.

"Naomba boksi letu," nikasema. Hakunisikia. Nikarudia.

"Nyabo," akaniita kwa heshima ya kwao, "liko chini kabisa. Niambie kilichomo, nisije nikashusha gari nzima bure."

"Vitabu."

"Vitabu vitafika salama."

Watu wa duka la chini walikuwa wametoka kutazama. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Ni wanawake nusu uchi na pweza, na wanaenda kwa Shosho."

Mzee Ssali alimtazama Mama. Kisha akaanza kufungua kamba.

Mama alichana utepe mwenyewe, akatoa gazeti la juu, akavua kaki. Alilitazama jalada kwa muda.

"Huyu hasikii baridi huko angani?"

"Ni Zuhura, Mama. Kuna joto."

"Kama hapa?"

"Kama hapa."

"Basi angefunika kichwa. Jua litamuua." Akanirudishia. "Ungeniambia tu."

"Ningeanzaje?"

"Vile ulivyomwambia huyu mzee."

Nikakaa ukingoni mwa barabara na boksi mapajani, nikicheka na kulia kidogo. Jioni hiyo niliamua kustaafu. Mitihani inakuja, na mtunzaji aliyeficha mzigo hadi mama yake mwenyewe akausafirisha amefika kilele cha kazi. Anti Nafula alikubali bila kuuliza. Usiku huo nililala vizuri.

Asubuhi yake tulikwenda Mesaimeer. Nilimwonyesha Achieng' pini na kona, nikamwachia sanduku. Kaka Wafula akafungua ile sehemu ya mwisho, nusu, akasafisha koo. Nikakaa chini kati ya madereva, mikono mitupu, nikasikiliza.